Stika ya Zaburi 91: kutoka Kurasini hadi foleni ya Tunduma

Siku ya kwanza, Jumatano

Nimepewa gari la mtu. Langu liko gereji, injini imefunguliwa, na tajiri hataki mbolea ya watu ilale bandarini. Kwa hiyo leo asubuhi nimekabidhiwa funguo za hosi, yaani kichwa cha lori, ambayo dereva wake ameacha kazi juzi tu, na tela lake, na utingo wake. Utingo ni kijana mpole, miaka ishirini na kidogo, ananiita mzee. Mimi namwita dogo. Mzigo wetu ni mbolea tani 30, tunashika Tunduma, halafu Zambia.

Aliyeliacha gari hili alikuwa mtu wa imani. Kioo cha mbele kimeandikwa juu kabisa "Mungu Yupo". Kwenye vizuia tope vya matairi ya nyuma kuna msalaba. Na kwenye dashibodi, pembeni ya usukani, amebandika stika ya dhahabu: ZABURI 91, ile ya ulinzi wa Mungu. Nilifurahi kuiona, nikajua nimeingia kwenye nyumba ya ndugu.

Saa kumi na moja alfajiri mama alipiga simu kutoka Rungwe. Sisi ni Wamoraviani, na mama ana kitabu cha neno la siku. Utaratibu huo ulianzia Herrnhut, kule Ujerumani, na kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Mistari huchomolewa kwa kura, kila siku na mstari wake, na Wamoraviani popote walipo wanasoma mstari mmoja. Mama hana habari na Herrnhut. Habari yake ni moja.

"Umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Soma nikusikie."

Nina miaka 46 na bado ananisomesha kwenye simu kabla sijawasha gari. Nikasoma, yeye akaomba, akamaliza kwa "ndaga fijo, Tata", hapo anamshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, si mimi.

Barabara ya Mandela ilikuwa foleni, Ubungo foleni, Kibaha foleni. Mizani ya Vigwaza tulipita salama. Tulifika nje kidogo ya Morogoro usiku, tukaegesha kwenye yadi ya malori. Nilipozima injini, kukawa kimya kama dakika moja hivi, ndipo nikasikia: psssss. Sauti nyembamba, kama ya mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani. Upepo unavuja kwenye tela.

Nikaangalia geji. Mshale unashuka mbele ya macho yangu. Lakini mbona taa haiwaki? Gari la breki za upepo, presha ikishuka mno, linawasha taa nyekundu na kupiga kelele ambayo hata aliyelala fofofo ataisikia. Hapa hakuna taa wala kelele. Nikapapasa dashibodi, kidole kikagota kwenye stika. Nikaibandua pembe moja.

Taa ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka chini ya Zaburi 91.

"Ilikuwa inamsumbua," dogo alisema, kama anajitetea. "Na ile kelele alikata waya."

Siku ya pili, Alhamisi

Hatujasogea hata hatua. Fundi amekuja saa nne, ameingia uvunguni, ametoka na kipande cha mpira wa upepo kilichochakaa hadi nyuzi zinaonekana. Ameweka kingine, akarudisha na waya wa kelele. Kazi ya saa tatu, na nyingine mbili za kutafuta kifaa mjini.

Tajiri alipiga simu mara nne. Mara ya tatu alisema maneno ambayo nimekaa nayo siku nzima: "Wewe si umeokoka? Omba Mungu, utafika. Mbona mwenzako alikuwa anakwenda nalo hivyo hivyo?"

Sikumjibu vibaya. Ni tajiri. Nilisema fundi anamalizia. Lakini nilipokata simu moyo ulikuwa unadunda, kwa sababu maneno yale niliwahi kuyasikia mahali pengine.

Tulikaa kivulini mwa tela, dogo anachemsha chai kwenye jiko la gesi. Akauliza kama ile stika aitupe. Nikamwambia aihifadhi. Nikafungua Biblia, Mathayo sura ya 4, nikampa asome mwenyewe. Ibilisi amempandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, na akamnukulia Maandiko: atakuagizia malaika zake. Dogo akasoma mpaka mwisho, akanyanyua kichwa.

"Hii si Zaburi 91?"

Ndiyo yenyewe. Nikamwambia sasa aifungue Zaburi yenyewe, aya ya 11, alinganishe. Akasoma polepole: "Kwa kuwa atakuagizia malaika zake wakulinde katika njia zako zote." Akarudi Mathayo. Akarudi Zaburi. Akagundua bila mimi kumwonyesha: yule mnukuu ameyaruka maneno ya mwisho, katika njia zako zote. Kujirusha kutoka kwenye kinara hakukuwa njia ya Yesu, ilikuwa njia ya mtu mwingine. Na Yesu alimjibu kwa mstari mmoja tu, kwamba usimjaribu Bwana Mungu wako.

Nimekuwa barabarani miaka 19. Nimesikia Zaburi 91 ikiombwa na watu wenye macho mekundu ya siku mbili bila usingizi, matairi yamekuwa kipara, na wanasema "kwa imani". Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mmoja wao. Silaumu.

Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno.

Siku ya tatu, Ijumaa

Gari limekuwa gari. Presha inapanda haraka, taa inazimika yenyewe, na nikizima injini ni kimya kabisa.

Tuliingia Mikumi kabla ya saa sita. Barabara kuu inakata katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na kuna vibao vya mwendo, matuta, na bango la faini ukimgonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Twiga walikuwa mbali, wamesimama kama nguzo za umeme. Nyani wako pembeni kabisa ya lami, wanasubiri abiria wa mabasi watupe maganda. Nilimwambia dogo asithubutu, kwa maana nyani aliyezoea ndizi za dirishani hadumu.

Halafu tukampita swala. Amelala kwenye mchanga wa pembeni, shingo imepinda, amegongwa usiku huo au alfajiri. Tai walikuwa bado hawajafika.

Dogo alikaa kimya mpaka tukavuka tuta linalofuata. Kisha akasema, "Sasa mzee, huyu si alikuwa ndani ya hifadhi?"

Nilicheka. Kisha kicheko kikakatika. Neno ni lile lile. Tunaomba kila asubuhi, Bwana utuhifadhi. Mikumi imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964, mnyama hawindwi, askari wanalinda, na bado lami imepita katikati. Swala hakutoka nje ya hifadhi. Barabara ndiyo iliyoingia.

Ningeweza kumjibu dogo kiwepesi. Majibu ya namna hiyo ninayo mengi, nimefundishwa tangu shule ya Jumapili. Lakini niliona uso wake kwenye kioo nikajua hakuwa anauliza habari za swala. Baadaye, tunapita bonde la mibuyu, aliniambia baba yake alikufa kwenye ajali ya basi akitoka kwenye mkutano wa injili. Alisema hivyo tu, akarudi kuangalia nje. Sikuongeza neno. Mibuyu ile ni mingi ajabu, mamia kwa mamia, mingine minene kuliko kichwa cha gari.

Tumelala Ruaha Mbuyuni. Joto. Kitunguu kila mahali, kwenye magunia, kwenye vikapu, hata hewani. Nimenunua kikapu cha kumpelekea mtu Uyole.

Siku ya nne, Jumamosi

Kitonga. Wasiopita pale hudhani ni kilima kama vilima vingine. Ni kilomita zisizofika 10, lakini upande mmoja jabali, upande wa pili bonde, kona juu ya kona, na malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tulianza kupanda saa kumi na mbili na nusu. Kwenye kona ya tatu tukakuta matawi mabichi barabarani. Kwetu sisi matawi ni lugha: mbele kuna gari limekwama. Tuliweka vigingi kwenye matairi, tukazima.

Tulikaa pale saa mbili na zaidi. Lori lililokwama lilikuwa limekatika propela. Watu wa mabasi waliteremka kupiga picha bonde. Mimi niliangalia milima, nikasema ile Zaburi ya 121 ambayo kila Mkristo wa milimani anaijua hata kama hajui nyingine: nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi? Nilipokuwa mdogo nilidhani msaada unatoka milimani. Nilishakuwa mtu mzima niliposikia kwamba lile ni swali. Aliyeimba alikuwa msafiri, anaitazama milima atakayoipita, na inamtisha.

Ilula, nyanya. Ipogolo, chakula. Mizani ya Wenda, foleni fupi. Mafinga, misonobari na baridi. Giza lilitukuta kabla ya Makambako na tajiri akapiga.

"Usilale. Kanyaga usiku huu, kesho asubuhi uko Tunduma, siku tuliyopoteza inarudi."

Hapo ndipo imani yangu inapopimwa kweli, wala si Kitonga. Kitonga kila mtu anaomba. Lakini kusimama, kuzima gari, kuvuta pazia, kulala, wakati tajiri anataka mwendo na malori mengine yanakupita huku taa zao zinapepesa, hiyo kwangu ni ngumu kuliko mlima. Ukilala unakubali kwamba kwa saa sita dunia itaendeshwa na mwingine. Nimeijua Zaburi 127 kwa sababu ya harusi, maana huwa wanaisoma kwa ajili ya mstari wa kwanza, ule wa Bwana kuijenga nyumba. Mstari wa pili ndio wa dereva: "Kazi yenu bure, mnaoamka mapema, na kukawia kwenda kulala." Na mwisho wake: "Yeye humpa mpenzi wake usingizi."

Nilimwambia tajiri, "Nasimama Makambako, bosi. Macho yamechoka." Akakata simu bila kuaga.

Upepo wa Makambako usiku ule ulikuwa unatikisa kichwa cha gari kama kitanda cha mtoto. Nililala kama jiwe.

Siku ya tano, Jumapili

Ibada ya kwanza kwenye kanisa lililo karibu na maegesho. Mahubiri yalikuwa ya michango ya bati. Kwaya ilikuwa nzuri. Tuliondoka saa nne.

Igawa, Chimala, Igurusi, mashamba ya mpunga mkono wa kulia. Uyole tulifika jioni, nikaegesha. Kesho nina ziara.

Siku ya sita, Jumatatu

Rafiki yangu alikufa kwenye mteremko wa Iwambi, unaotoka Mbeya mjini kushuka Mbalizi, miaka saba iliyopita. Tulianza naye kazi ya utingo, tukapata leseni mwezi mmoja, tukabatiza watoto wiki moja. Asubuhi ya siku ile tuliomba pamoja, tumeshikana mikono, mbele ya gari lake. Breki zilipata moto, dramu hazikushika tena. Alilielekeza gari kwenye ukingo wa udongo ili asiingie kwenye daladala zilizokuwa mbele, na udongo haukutosha. Watu wa daladala walipona wote.

Kila nikipita napeleka kitu kwa mjane wake. Anauza viazi sokoni Uyole. Leo nimempelekea vitunguu vya Ruaha, akavipima kwa macho, akasema vya safari hii ni vidogo.

"Shemeji, umekonda."

"Ni safari, shemeji."

Alitupa uji wa ulezi. Tukiwa tunakunywa, dogo, ambaye hajui kuzunguka, akamwuliza kama hakumkasirikia Mungu. Nilitaka kumkanyaga mguu. Mama yule hakushtuka. Aliendelea kupanga viazi kwenye sado, vikubwa juu, vidogo chini, kama wafanyavyo wote.

"Nilimkasirikia. Mwaka mzima sikukanyaga kanisani. Wazee wakija namwambia mtoto awaambie nimelala." Akaongeza kiazi. "Halafu usiku nikilia, najikuta nalia kwake. Nikigombana, nagombana naye. Unamkasirikia mtu halafu huna mwingine wa kumwambia umekasirika? Nikarudi."

Dogo akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama aliwahi kupata jibu kwa nini.

"Hapana, mwanangu. Kunywa uji, unapoa."

Sikuwahi kumsikia akisema hayo. Miaka saba nampelekea vitu na sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa naogopa, nadhani, kwamba akisema hana jibu, na mimi nitabaki bila jibu barabarani, na mteremko uko palepale.

Saa saba tulianza kushuka Iwambi. Kabla ya kushuka nilisimama. Dogo alizunguka gari lote, akagusa kila gurudumu kama kuna joto, akasikiliza mipira ya upepo. Niliangalia geji. Niliangalia taa, imezimika. Niliweka gia nzito kabla ya mteremko kuanza, maana ukisubiri mpaka gari likukimbie, gia haiingii tena. Wazee walitufundisha: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Mguu kwenye breki kidogo, uachie, kidogo, uachie. Dogo alikuwa anaomba kwa sauti. Sikumnyamazisha. Mimi pia nilikuwa naomba, ila mdomo ulikuwa umekauka, na ombi langu lilikuwa neno moja, Bwana, Bwana, Bwana, kwa kila kona.

Pale kwenye ukingo wa udongo pameota majani. Huwezi kujua.

Tulipofika chini Mbalizi nilisimama kununua maji. Mikono ilikuwa inatetemeka. Dogo aliona, akajifanya hakuona. Ni kijana mwema.

Mlowo, Vwawa, na mwisho wa foleni ya Tunduma tukaukuta mbali sana na mji, jua likiwa limezama.

Siku ya saba, Jumanne

Foleni. Malori upande mmoja wa barabara, yanaishia pasipoonekana. Tumesogea mara mbili. Madereva wanapika uvunguni, wanafua, wanacheza bao. Kuna Mzambia mbele yetu, Mkongomani nyuma yetu anayezungumza Kiswahili cha Lubumbashi, ananichekesha anavyosema. Ametuonya: usiku kuna vijana wa mafuta. Wanakuja na mpira na madumu, ukistuka tangi ni tupu.

Jioni madereva sita wa jirani tulikutana. Mkongomani akasema tuombe kwanza, naye Mzambia akaomba kwa Kibemba, hakuna aliyeelewa ila sote tuliitikia amina. Kisha tukapangana zamu za kulinda, saa mbili mbili. Ndivyo walivyofanya watu wa Nehemia walipokuwa wanajenga ukuta wa Yerusalemu, wakati adui wanakuja: "tulimwomba Mungu wetu, tukaweka walinzi, mchana na usiku." Nehemia hakuona tatizo kuyaweka mambo hayo mawili kwenye sentensi moja.

Dogo amepewa zamu ya kwanza, ana tochi na koti langu. Mimi nina zamu ya saa nane. Mama amepiga, nimemsomea, amesikiliza foleni ilivyo ndefu, amesema Waisraeli walikaa miaka 40, na mimi nalalamika siku moja.

Siku ya nane, Jumatano

Nimeamka saa kumi na moja kasoro na kustuka. Hakuna aliyeniamsha saa nane. Nimeruka chini nikiwaza mafuta. Tangi limejaa. Dogo ameketi kwenye ngazi ya gari, koti limemfika masikioni, macho mekundu.

"Uliniacha nilale?"

"Ulikuwa unakoroma, mzee. Mkongomani amekaa na mimi zamu yako. Ameniimbia."

Nimemtuma apande kitandani, zamu yake ya kulala sasa. Nilipovuta pazia nimfunike nikaiona stika. Ameibandika darini, juu ya kitanda, mahali ambapo mtu akilala chali anaisoma. Pembe moja imekunjika, ile niliyoibandua Morogoro.

Malori matatu yamesogea mbele yetu. Nimewasha gari taratibu ili asiamke, nimesubiri taa ya upepo izimike, nimesogea mita 60, nimezima.